Nondo wa Mama Mmoja

Watu wakiniuliza mke wangu anafanya kazi gani nikajibu kwamba anashughulika na nondo, wengi huniuliza bei ya zile za kujengea nguzo. Zamani nilikuwa nacheka nao. Siku hizi sicheki, maana tangu yatokee yale ya kabati la vioo, jambo lolote linalogusa kazi ya mke wangu hunipandisha damu kichwani. Daktari ameniambia hasira si nzuri kwa mtu mwenye presha. Nilimwambia aende akamwambie hivyo mkurugenzi wetu.

Mimi ni seremala wa jumba la makumbusho. Mke wangu ni mtaalamu wa wadudu katika jumba hilohilo, na kila mtu pale, kuanzia mlinzi wa getini, anamwita Mama Nondo. Nondo wake si wa chuma. Ni wale wadudu wanaokuja kujigonga kwenye taa, ndugu wa kipepeo, na katika hao alichagua kundi moja tu, nondo chui. Watu wa mataifa mengine wamewapa jina la chui milia wa Asia; sisi nyumbani tunawaita chui kwa sababu wengi wao wana madoa. Mabawa yao ni mekundu, ya njano, meusi, meupe, kama vile waliambiwa wavae kila walicho nacho. Kiwavi wao ana manyoya yanayowasha. Nondo mwenyewe ukimshika anakunja miguu na kujifanya maiti, na ukiendelea kumsumbua anatoa povu la njano shingoni, chungu, ambalo ndege akilionja mara moja harudii.

Kwa kuishi naye nimejua mengi kuhusu wadudu hawa kuliko nilivyotaka. Najua kwamba zamani walihesabiwa kuwa ukoo unaojitegemea, kisha wakubwa wa taaluma wakakaa wakaamua kwamba si ukoo, ni mlango tu, yaani tawi, ndani ya ukoo mkubwa zaidi. Mke wangu alibadilisha vibandiko vya stoo nzima huku akinung'unika kama mtu aliyeambiwa babu yake si babu yake. Najua kwamba yuko nondo chui mdogo mweupe, mwenye nukta nyekundu na nyeusi, ambaye kiwavi wake hula mmea wa marejea na ambaye ameenea bara hili na mabara mengine, hana kwao. Na wako wengine ambao kwao ni kilima kimoja tu, ukiwatafuta kilima cha pili huwapati. Hao ndio aliowapenda, nami sikumlaumu, maana hata mimi si mtu wa kuhamahama.

Tulijuana kwa ugomvi. Alinirudishia droo niliyomtengenezea, akisema ina mwanya. Nikamwambia mwanya huo hata unywele haupiti. Akasema, "Fundi, anayepita si unywele." Akanionyesha droo ya zamani ambamo vijidudu vya stoo vilikuwa vimeingia na kula nondo wote, pini zikabaki zimesimama juu ya vumbi la kahawia. Niliona aibu, kisha nikakasirika kwa sababu ya kuona aibu, kisha nikaitengeneza droo upya. Tangu siku hiyo mpaka kabati la vioo sikuacha kiungo bila gundi. Ukitaka kunitukana, niambie kazi yangu inacheza. Wengine hutukaniwa mama, mimi hutukaniwa kiungo.

Sasa nieleze jambo lenyewe. Vilima vinavyouzunguka mji wetu vina misitu juu yake, na katika kila msitu yuko nondo chui mnene, mvivu wa kuruka, hasa majike. Kwenye kilima kimoja madoa yake ni makubwa mpaka yanagusana. Kwenye kingine ni madogo kama ulezi. Juu kabisa ya kilima kirefu karibu hana doa. Mzee aliyemfundisha mke wangu, ambaye sote tunamwita Mwalimu, aliwapanga hao kuwa aina kumi na moja, moja kwa kila kilima, kila moja na jina lake, na majina hayo yakakubaliwa na kila mtu. Mke wangu alikuwa mwanafunzi wake mpenzi, karibu bintiye. Kisha binti akafanya jambo ambalo mabinti hawatakiwi kufanya. Alikwenda kuhakikisha.

Alimchukua jike mmoja, akamweka ndani ya chupa ya kioo jikoni kwetu mpaka akataga. Viwavi wakatoka, wakala, wakakua, wakajifungia ndani ya vifukofuko, na tulipofika mwisho wakatoka nondo wa kila sura: wenye madoa makubwa, wenye madoa ya ulezi, wasio na doa. Tumbo moja. Akarudia kwa majike wa vilima vingine, mambo yakawa yaleyale. Kipindi chote hicho jikoni kwetu palikuwa hapakaliki. Mama mkwe alikuja kututembelea, akajikuna mpaka akauliza, "Wanangu, hii chumvi mmenunua wapi, mbona inawasha?" Hakurudi mpaka tulipomhakikishia kwamba tumeacha kufuga.

Mke wangu akaandika kwamba nondo wa vilima ni aina moja, si kumi na moja. Wenzake wa mbali wakamwandikia kumpongeza kwa mistari miwili mitatu. Mwalimu hakumwandikia kitu. Alipokutana naye kwenye ngazi za makumbusho alimpisha kama unavyompisha mtu usiyemjua, na hilo lilimuuma mke wangu kuliko tusi. Lakini hakufuta neno.

Baada ya hapo akabaki na swali moja: kama ni aina moja, kwa nini madoa yanapungua kadiri unavyopanda? Swali hilo lilimla maisha. Kila alipopata nafasi alipanda vilima hivyo na taa na shuka jeupe, akachukua nondo wa chini, wa katikati na wa juu, wa kiangazi na wa masika. Kila nondo alichomwa pini, na chini yake kikaratasi kidogo kama ukucha kinachosema ametoka wapi na lini. Mimi nilitengeneza droo, yeye akazijaza. Mgeni akifungua droo zile aliona nondo yuleyule amerudiwa mpaka macho yanachoka. Mke wangu aliona vilima. Kimoja kati ya vilima hivyo kimeshachimbwa kokoto, hakina tena hata mti, na nondo wake wamebaki kwenye droo zangu tu.

Kisha akaja mkurugenzi mpya. Ni mtu mcheshi, mavazi safi, alitoka kwenye kazi ya kuendesha kumbi za mikutano, na alipoiona stoo ya wadudu alichoona ni ukumbi wa mikutano uliojaa makabati. Siku aliyokuja kuipima aliniita nikamshikie futi. Akavuta droo moja, nyingine, na nyingine.

"Mama, hawa si ni haohao?"

"Ni aina moja, ndiyo, mkurugenzi," mke wangu akasema. "Lakini kila mmoja ametoka mahali pake."

Akamweleza. Alieleza vizuri, kwa upole, mpaka mimi wa patasi nikaelewa upya. Mkurugenzi alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza redio akisubiri taarifa ya habari iishe mpira uanze. Kisha akasema, "Sawa. Kila aina tutabaki na dume na jike, ndani ya kabati moja zuri la vioo, watu waje waone. Nuhu aliokoa dunia nzima kwa mtindo huo."

Waliokuwepo wakacheka. Mke wangu akauliza kama waliobaki wanaweza kupelekwa makumbusho mengine. Hapana, akaambiwa, mali ya umma haigawiwi ovyo, huteketezwa kwa utaratibu. Nilitaka kumzungushia yule bwana futi ya chuma shingoni. Mke wangu alisimama na mikono ameikunja, kimya, na kila mtu akadhani amekubali. Mimi nilijua ni nondo aliyejifanya maiti.

Povu lilitoka nyumbani. Hasira ya mke wangu haina kelele. Alikaa akamenya viazi vya kulisha watu wa harusi, na sisi tuko wawili.

"Acha kazi," nilimwambia. "Andika leo, umwachie nondo wake."

"Nikiacha atamtuma mtu yeyote achague dume na jike. Hatajua hata dume ni yupi."

"Basi rudi ukamweleze tena ukweli."

Akaweka kisu chini. "Ukweli ndio uliotuponza, baba. Nani aliyesema ni aina moja? Si mimi? Ningefunga mdomo wakabaki kumi na moja, leo kila kilima kingekuwa na jozi yake ndani ya kabati. Hata kile cha kokoto."

Hapo nikaona wazo likimwingia. Nimemwoa mwanamke huyu siku nyingi, uso wake naujua kama mbao ninayoiranda. Nikamwambia asithubutu. Nikamwambia kwamba amepoteza mwalimu kwa ajili ya kweli ile, amewashwa, mama yake ameikimbia nyumba, na sasa aende kuimeza kwa sababu ya mtu anayetaka mahali pa kupanga viti? Nilipiga meza viazi vikaruka.

"Kata pua uunge wajihi," akasema, na akaendelea kumenya.

Tulikwenda kwa Mwalimu siku ya mapumziko. Anaishi peke yake katika vyumba viwili vilivyojaa vitabu, na alinikalisha kwenye kigoda chenye mguu unaocheza, jambo lililonitesa muda wote.

"Shikamoo, Mwalimu," mke wangu akasema.

"Marahaba. Umekuja kuniomba radhi au kunizika?"

"Nimekuja kukwambia ulikuwa sahihi. Nondo wa vilima ni aina kumi na moja. Nataka kuyarudisha majina yako."

Nilitegemea mzee afurahi, nami nilikuwa nimejiandaa kumchukia kwa furaha hiyo. Hakufurahi.

"Nitokee hapa," akasema. "Unadhani mimi nilikaa bure? Mwaka uleule ulioandika, nilifuga jike bafuni kwangu, mlango nimeufunga. Mama mmoja, watoto wa kila sura. Nilikosea. Imenichukua miaka kulizoea jambo hilo, na leo unanirudishia kosa langu kama zawadi ya harusi?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Kwa sababu nilikuwa na hasira."

Basi mke wangu akamweleza yote: stoo, safina ya Nuhu, dume na jike, moto. Mzee alisikiliza akitazama dirishani. Mke wangu alipomaliza, mzee aliuliza swali moja.

"Wa kile kilima cha kokoto, yumo?"

"Atakuwemo ukirudisha jina lako."

"Lile ni jina la marehemu mke wangu," akasema. "Nilimpa nondo huyo alipokuwa mgonjwa." Akageuka kutoka dirishani. "Nilichekwa kwa kosa hili. Sasa nitasifiwa kwa kosa hilohilo. Lete kalamu, kabla sijabadili nia."

Sijawahi kuona kazi imeandikwa kwa uchungu namna ile. Mzee alitamka hoja zake za zamani, mke wangu akaandika. "Hoja hii ni mbovu," mzee alisema. "Ndiyo, Mwalimu," mke wangu akajibu, akaiandika. Walikuwa wameelewana kuliko wakati wowote niliowahi kuwaona, na wote wawili walikuwa wamekunja nyuso kama wanaokunywa shubiri. Mimi nilitengeneza kile kigoda, maana nisingefanya hivyo ningevunja kitu.

Maandiko yakatoka, mkurugenzi akaonyeshwa. Hakuuliza neno. Kwake aina kumi na moja zilikuwa sifa zaidi ya moja. Sheria yake ya dume na jike ikasimama palepale, ila sasa ilibidi izae jozi kumi na moja za nondo wa vilima. Nikaagizwa nitengeneze kabati. Mbao nilichagua mwenyewe, na nilikuwa na gundi tayari kwenye moto mdogo mke wangu alipoingia karakana.

"Hiyo droo ya vilima," akasema, "vibao vya kutenganisha jozi na jozi usivitie gundi."

"Vitacheza."

"Najua."

"Unaniomba nitoe kazi mbovu yenye jina langu?"

"Mimi yangu nimeshaitoa," akasema.

Akashika kibao kimoja, akakipitisha kwenye mfereji wake, akakivuta tena kwa vidole viwili.

"Ipo siku atakuja mtu mwingine, atafuga mama mmoja, na atajua. Siku hiyo nataka avitoe hivi, asihitaji patasi. Funika kombe mwanaharamu apite."

Nikafanya hivyo. Kabati zima nililifunga hata pumzi haipiti, ila vibao vile nikavisimamisha vitupu kwenye mifereji yao. Kila nilipovigusa vikacheza, nikasikia uchungu kwenye meno.

Waliobaki walichomwa nyuma ya karakana, ndani ya pipa. Niliombwa nizibebe droo mwenyewe, kwa kuwa mimi ndiye ninayejua zinavyofunguka. Nondo akiungua ananuka kama nywele. Droo zangu hazikuwahi kumruhusu kijidudu kimoja kuingia, lakini hazikuweza kumzuia mtu. Wa chini, wa katikati, wa juu, wa kiangazi na wa masika, wote waliingia humo na vikaratasi vyao, na swali la kwa nini madoa yanapungua likaingia nao, maana jozi moja kwa kilima haiwezi kulijibu. Mke wangu alisimama pale mpaka zikabaki pini. Mimi nilimtukana mkurugenzi kwa sauti, kwa muda mrefu, na yeye akaniacha nimalize.

Siku ya uzinduzi stoo ilikuwa ukumbi, viti vimevikwa nguo. Mkurugenzi akapanda jukwaani akamwita Mama Nondo asimame.

"Mama huyu," akasema, "miaka yote tuliambiwa vilima vyetu vina aina moja ya nondo chui. Kwa juhudi zake, leo tunazo kumi na moja."

Makofi yakapigwa, marefu. Mwalimu alikuwa safu ya mbele akitazama viatu vyake. Mke wangu alisimama mikono ameikunja, na alipokaa aliniambia bila kugeuza shingo, "Nilipowaambia kweli hakuna aliyepiga hata kofi moja." Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Moyo wangu ulichemka nikaogopa ile presha.

Baadaye mkurugenzi aliwaongoza wageni wakubwa kwenye kabati. Akaivuta ile droo ya vilima kwa mbwembwe, na vibao vyangu vikatetemeka vyote pamoja, kwa mlio kama meno ya mtu mwenye homa. Akagusa kimoja kwa kidole. Kikalala, kikasimama.

"Fundi," akaita, mbele ya wageni wote, "hivi vinacheza. Hii ndiyo kazi gani?"

Ukumbi mzima ulinitazama. Wanafunzi wangu wa useremala walikuwepo, mlinzi wa getini alikuwepo, mama mkwe alikuwepo. Maneno yalinijaa kinywani, na yalikuwa maneno mazuri, niliyoyapanga kwa miezi. Nilimtazama mke wangu. Alikuwa amenikazia macho kama siku ile aliponirudishia droo.

"Nimekosea, mkurugenzi," nikasema. "Nitarekebisha."

"Jitahidi, bwana. Usituaibishe," akasema, akawageukia wageni wake. Mama mkwe akatikisa kichwa. Mke wangu akaja akasimama karibu nami, akanishika mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata siku ya ndoa yetu.

Kila asubuhi napita pale kwenye kabati na chupa ya gundi mfukoni mwa ovaroli, ili nikiulizwa niseme ndiyo kwanza naianza kazi hiyo. Mkurugenzi ameshaniuliza mara kadhaa, na kila mara namwambia nimekosea, nitarekebisha. Kisha naivuta droo kidogo, nakigusa kibao cha kilima cha kokoto kuona kama bado kinacheza, naifunga, naenda karakana.